Swali la Muhogo Mlangoni kwa Mdogo Wangu

Nitukaneni tu. Nimeshajitukana mwenyewe mpaka maneno yameniishia, malizieni nyie. Mie ndiye niliyeharibu harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja, Rukia, tena kwa makusudi, na mpaka juzi nilikuwa nasingizia kuwa nilikosea.

Shetani? Msimtaje! Ilikuwa roho yangu mbaya tu.

Mtaani kwetu, Ngamiani hapa Tanga, mie ndiye bingwa wa chemsha bongo. Wanawake tukikutana mie ndiye ninayeuliza: ala za muziki, vyakula, nani alibuni nini, neno hili limetoka lugha gani. Nilizoea kutobishiwa. Sasa siku Khamis, Mpemba muuza machungwa wa Muheza, alipokuja kujitambulisha nyumbani kama mchumba wa Rukia, nikajitia kuwaeleza wageni kwamba "shule" ni neno la Kiarabu. Khamis akasema taratibu, "Hapana dada, hilo la Kijerumani." Mjomba akacheka. Wageni nao wakacheka. Weee! Nilimchukia tangu pale, chuki ya kumwombea chakula kimkwame kooni.

Siku ya ndoa nikapata nafasi. Kwetu bwana harusi hamfikii mkewe hivihivi. Sisi wanawake wa upande wa mke tunaushikilia mlango wa chumba mpaka atoe kitu, ndio utani wenyewe. Mie nikasema pesa zake sitaki, mlango huu unafunguliwa kwa maswali! Watu wakafurahi, "Haya bingwa, mpe!"

Nikamuuliza karatasi ilibuniwa nchi gani. Uchina. Neno "meza" limetoka wapi? Kwa Wareno. Gambusi je, ile ala ya nyuzi, asili yake? Yemeni. Yaani anajibu huku anatabasamu! Nyuma yake kasimama mama yake, kavuka maji kutoka Pemba, jasho linamtoka ndani ya baibui, anasubiri kumwona mkwewe.

Nikatoa la mwisho: "Muhogo asili yake wapi?"

"Amerika ya Kusini," akasema.

Ni kweli. Nilijua ni kweli. Lakini nikapayuka, "Kosa! Muhogo ni wa hapahapa pwani, nani asiyejua? Mpemba wewe kajue karafuu zako!" Vigelegele! Muhogo tunaula asubuhi na jioni, nani angeamini umetoka ng'ambo?

"Shemeji, nina hakika," Khamis akasema. Nikamwambia hakika yako ipeleke Pemba, hapa mlango haufunguki. Mama yake akanisihi, "Mwanangu, tustahi basi." Na mie, mdomo wangu huu, nikamjibu, "Mwanao hajui kitu, mrudishe ukamsomeshe!" Yule mama akajifunika uso kwa mtandio, akageuka kuondoka, na watu wake nyuma yake.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Rukia katoka mwenyewe, kichwa wazi, hajamalizwa hata kupambwa. Jamani, kwetu bibi harusi hajifungulii mlango! Mama akapiga yowe. Rukia akaniambia, "Dada, nipishe." Akanipita, akamshika mkono mama mkwe wake, wakaondoka. Hakuna wimbo, hakuna aliyemsindikiza.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Kila aliyeniuliza nilimwambia mie binadamu, sikujua jibu, nilikosea. Nililia hata machozi, watu wakanionea huruma. Na wale wapiga vigelegele? Ndio haohao wananisema leo, wanafiki wakubwa!

Juzi nikasikia Rukia kajifungua. Nikapika muhogo wa nazi anaoupenda, nikabeba hotipoti mpaka kwao Muheza. Nikabisha hodi, mlango haufunguliwi. Mtoto analia ndani, namsikia. Nikaanza kumwomba radhi nikiwa palepale nje, "Mdogo wangu, wallahi sikujua, nisamehe."

Sauti yake ikaja kutoka upande wa pili wa mlango. "Dada, muhogo asili yake wapi?"

Nikafurahi! Nikadhani utani umerudi, nikijibu tu atanifungulia. Nikasema kwa sauti, kwa ule ubingwa wangu wa kijinga, "Amerika ya Kusini! Swali jepesi hilo, nalijua tangu niko darasani!"

Maneno yalishatoka, ningeyarudisha vipi?

"Kumbe ulijua," akasema. "Mama mkwe wangu alilia njia nzima, na wewe ulijua."

Nikamsikia Khamis, yuleyule niliyemdhalilisha, akimwambia, "Mfungulie, Rukia, ni dada yako." Rukia akasema hapana. Nikasikia komeo likisukumwa.

Hotipoti nikaliacha mlangoni. Sijui kama ule muhogo waliula au waliumwaga, na sina uso wa kuuliza.

Sasa nawe unayesoma hapa, una mtu unamwonea kwa sababu alikukosoa mbele za watu, na ukiulizwa unajifanya hukujua. Mtafute leo umwambie ukweli kabla hajaugundua mwenyewe. Usinihurumie mie, jihurumie wewe! Mie ni mama mkubwa wa mtoto ambaye sijui hata kama ni wa kike au wa kiume. Nimemsikia akilia tu.