Diwani Arlys na Mtaro wa Mtaa wa Linden

Kabla hajawa mheshimiwa, Arlys Brandvold alikuwa mpishi wa shule, na alipokuwa mheshimiwa aliendelea kuwa mpishi wa shule, maana udiwani wa jiji la Otterbend ni kazi ya Jumatatu mbili kwa mwezi, na posho yake haimshibishi hata paka. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya wavu, akapakua viazi na nyama ya kusaga kwa watoto mia nne, akawakaripia wanaosukumana kwenye foleni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

Siasa hakuzitafuta. Zilimfuata nyumbani kwa njia ya maji machafu.

Yeye na mumewe Duane walikaa Mtaa wa Linden, kata ya nne, na kama nyumba zote za Linden, yao ilikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Humo Duane aliweka friza ya nyama ya kulungu, mashine ya kufulia, na reli yake: treni ndogo za umeme zenye milima, madaraja na stesheni, kazi ya mikono yake kwa miaka kumi na tisa. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji yalipanda kupitia tundu la sakafuni, yakirudi kutoka kwenye mtaro uliopita chini ya barabara. Mwaka ule yalipanda mara tatu. Ya tatu Arlys alimkuta mumewe amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mabuti yake ndani ya maji, akiitazama stesheni ikielea kuelekea kwenye mashine ya kufulia.

"Treni ya saa nne imechelewa," Duane alisema, akaingia majini kuifuata.

Arlys akashika simu. Idara ya barabara ikamwambia hayo ni maji, si barabara. Idara ya maji ikamwambia wao ni wa maji safi. Idara ya maji taka ikamuuliza kama yananuka, akasema yananuka matope, wakamwambia basi hayo ni maji ya mvua, hayawahusu. Kaunti nayo ikasema Linden iko ndani ya jiji. Alipigwa danadana wiki nzima, mpaka kijana mmoja mwenye huruma akamuuliza, "Mama, diwani wako umemwambia?"

Diwani wa kata ya nne alikuwa Gene Pfister, aliyekaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na minne kwa sababu hakuna aliyewahi kumpinga. Arlys alipompigia, Pfister akapokea akiwa Arizona. Alikuwa amehamia huko tangu masika.

"Huku hakunyeshi kabisa," alimwambia kwa furaha. "Ungekuja uone!"

Hivyo ndivyo kata ya nne ilivyogundua kwamba haina mgombea, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Siku ya uchaguzi, kwenye karatasi ya kura palikuwa na nafasi tupu ya kuandika jina kwa mkono. Wapishi wenzake Arlys, bila kumuuliza, wakapita nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Akapata kura thelathini na moja. Aliyemfuata alikuwa mbwa wa kinyozi wa Mtaa wa Kane, kura kumi na tisa, na wapo mpaka leo wanaosema mbwa angeshinda kama kinyozi angefungua duka siku ile na kuwakumbusha wateja wake.

Jumatatu ya kwanza Arlys alivaa gauni lake la kanisani, akaenda kuapishwa. Meya wa Otterbend, Bwana Tibbetts, alikuwa dalali wa nyumba mstaafu, mwenye mashavu mekundu na mkasi mkubwa wa kukatia utepe, ambao hakuuacha nyumbani hata siku zisizokuwa na utepe. Alimkumbatia Arlys kama ndugu aliyepotea.

"Karibu, mheshimiwa! Hapa sisi ni familia. Hatugombani."

"Mimi nimekuja na mtaro wangu, meya," Arlys alisema.

"Mitaro ni ya Grant," meya alisema, akamwonyesha kwa mkasi mtu aliyekaa pembeni.

Grant Whitlock alikuwa meneja wa jiji. Hakuchaguliwa na mtu. Aliajiriwa na baraza, na baraza lilimwogopa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye suti ya kijivu na sauti ya daktari anayekuambia habari ambazo si mbaya sana. Alimkaribisha Arlys ofisini, akamwekea kahawa, akamfungulia katiba ya jiji.

"Mheshimiwa, kazi ya baraza ni kutunga sera. Kazi yangu ni kuendesha jiji. Diwani haruhusiwi kumwagiza mfanyakazi yeyote chini yangu. Ibara ya sita."

"Simwagizi mtu. Naomba mtaro uzibuliwe."

"Hilo ni agizo."

"Basi nani anaweza kuagiza?"

"Mimi, baraza likishaweka sera."

"Haya, sera yangu ni mtaro uzibuliwe."

Whitlock akatabasamu kwa uvumilivu. "Hiyo si sera, mheshimiwa. Hiyo ni kazi."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Mwezi uliofuata aliliomba baraza likubali wataalamu waje kutoka Chicago wafanye utafiti wa maji ya mvua wa kata nzima, miezi kumi na minane. Baraza likakubali kwa kauli moja. Arlys naye aliinua mkono, akarudi nyumbani akijisikia amefanya jambo kubwa, akamwambia Duane, "Wanakuja wataalamu!"

Duane alikuwa akikausha kibanda cha mkuu wa stesheni kwa mashine ya nywele. "Wana koleo?" aliuliza.

Hawakuwa nalo. Walikuwa na vishikwambi. Walisimama Mtaa wa Linden siku moja yenye jua, wakapiga picha, wakaondoka. Kila miezi mitatu ilikuja ripoti ya maendeleo, na kila ilipokuja, meya aliuliza nani anatoa hoja ya kuipokea, mtu akatoa, mwingine akaunga mkono, ikapokelewa saba kwa sifuri.

Ripoti ya tatu Arlys alishindwa kuvumilia. "Samahani, meya. Tukiipokea, kinatokea nini?"

Meya alimtazama mwanasheria wa jiji. Mwanasheria alimtazama Whitlock.

"Inakuwa imepokelewa," alisema Whitlock.

"Isipopokelewa?"

Ilionekana hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. "Tungekuwa hatujaipokea," meya alisema hatimaye, na madiwani wote wakaitikia kwa vichwa, wamepata nafuu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, kikosi cha zimamoto kiliuza samaki wa kukaanga kama kila mwaka, na Arlys akajikuta meza moja na Lonnie Escobedo. Lonnie alifanya kazi kwenye gari la kunyonya mitaro, miaka ishirini na miwili, na watoto wake wote watatu walikula kwa mikono ya Arlys. Alimwekea Arlys kachumbari ya kabichi kwenye sahani, akamuuliza siasa zinaendaje.

Arlys akamweleza yote: Pfister, Ibara ya sita, Chicago, kupokea. Lonnie alisikiliza mpaka samaki akapoa.

"Bi Arlys," alisema, "mtaro upi hasa?"

"Ule wa kona ya Linden na Birch."

"Kuna mtu amefunua kifuniko?"

Arlys akafikiri. "Wamepiga picha ya kifuniko."

Lonnie akacheka mpaka akakohoa. "Mimi kesho nina zamu ya dharura. Nikipita pale nikaona maji yamesimama, hiyo ni dharura au siyo?"

"Sikuagizi," Arlys alisema haraka.

"Hujaniagiza. Umenipa kachumbari tu... hapana, mimi ndiye niliyekupa."

Jumamosi asubuhi gari kubwa la jiji likasimama kona ya Linden na Birch. Lonnie akaweka viguzo vyake vya rangi ya chungwa vya kuonya magari, akafunua kifuniko, akaingiza bomba. Majirani walitoka na vikombe vya kahawa. Duane naye alitoka, akiwa bado na ndala. Dakika kumi za kwanza yalitoka majani na matope. Kisha bomba likakwama. Lonnie akazima injini, akashuka ngazi za chuma mpaka kiunoni, akaanza kupitisha vitu juu kwa mkono.

Zilikuwa mbao za plastiki za kampeni, zile zinazochomekwa kwenye nyasi wakati wa uchaguzi. Moja, mbili, tano. Kumi na moja kwa jumla, zimekunjwa na kushikana na mizizi kama mlango. Lonnie alizipanga ukingoni mwa barabara, akausafisha ubao mmoja kwa kiganja cha glavu, wote wakasoma: PFISTER, MTU WENU KWENYE KATA YENU.

"Ebo!" alisema Duane. "Kumbe alikuwa kazini muda wote."

Mtaa mzima ulicheka. Lonnie akamwaga maji ya jaribio, maji yakaenda chini kwa mlio mnene, bila kusita. Alitumia dakika arobaini. Arlys alitaka kumpa keki, akakataa, akisema chakula kutoka kwa diwani kinaweza kuwa na ibara yake.

Jumatatu Lonnie alipewa barua ya onyo. Alifanya kazi bila hati ya kazi, ndani ya eneo lililokuwa chini ya utafiti, na kwa kufanya hivyo aliharibu vipimo vya wataalamu. Barua ilitiwa sahihi na Grant Whitlock.

Arlys aliisoma akiwa amesimama jikoni shuleni, aproni ikiwa bado imelowa. Alihisi aibu kabla ya hasira. Yeye ndiye aliyezungumza kule kwenye samaki. Lonnie ndiye aliyeandikiwa. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, akiwa na kofia ya wavu kichwani.

"Nipe mimi barua hiyo," alisema.

"Wewe si mfanyakazi wangu, mheshimiwa."

"Basi mfutie yeye."

"Masuala ya wafanyakazi hayaingii barazani. Unalijua hilo." Whitlock alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Kesho kila mmoja akifunua kifuniko anachokitaka, Bi Brandvold, nitaliendeshaje jiji?"

"Lingekuwa kavu," Arlys alisema, akatoka.

Mwezi wa tano wataalamu walirudi kupima baada ya mvua ya siku mbili. Ripoti yao ya mwisho ilikuwa na kurasa mia mbili na picha ya daraja la mji mwingine kwenye jalada. Ilisema maji ya Mtaa wa Linden yanapita vizuri kabisa, malalamiko ya wakazi hayana msingi wa kitaalamu, na utafiti mwingine ufanywe baada ya miaka mitano. Whitlock alilipongeza jiji. Meya akaomba hoja ya kuipokea.

"Hapana," alisema Arlys.

Karani aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake. "Samahani, mheshimiwa, umesema?"

"Hapana. Napiga kura ya hapana."

Karani alihangaika kidogo. Hakukumbuka kitufe cha hapana kiko wapi. Ripoti ikapokelewa sita kwa moja, na meya akamtazama Arlys kwa huzuni kama mtu aliyevunja sahani kwenye harusi.

Lakini zile Jumatatu zote Arlys hakuwa amelala. Alikuwa amehesabu jambo moja: katika mwaka mzima baraza halikuwahi kukataa kutoa cheti. Walitoa vyeti kwa timu ya mpira wa magongo, kwa bibi aliyetimiza miaka mia, kwa duka la mikate, kwa wiki ya kitaifa ya mahindi. Kwa hiyo kikao kilichofuata, chini ya mengineyo, alisimama na karatasi aliyoiandika Duane kwa herufi zake za vibao vya stesheni.

"Natoa hoja jiji limpe cheti cha heshima Bwana Lonnie Escobedo, kwa utumishi wa uaminifu kwa wakazi wa Mtaa wa Linden, hasa asubuhi ya Jumamosi ya tarehe kumi na tano mwezi wa tatu."

Whitlock akajikohoza. Mwanasheria akafungua Ibara ya sita, akaisoma, akaifunga. Hakuna mahali iliposema diwani haruhusiwi kushukuru.

Meya Tibbetts alikwisha kuchangamka. "Cheti! Tutapiga picha! Nani anaunga mkono?"

Saba kwa sifuri. Na kwa kuwa vyeti vyote vya jiji hutiwa sahihi na meya pamoja na meneja, Grant Whitlock akachukua kalamu ileile iliyotia sahihi barua ya onyo.

Lonnie alikuja kukipokea na mkewe na watoto wake watatu, amevaa shati lililonyooshwa. Meya, kwa kukosa utepe, alimpa mkono huku ameshika mkasi. Whitlock alisimama kulia, akatabasamu kwenye picha. Walipokuwa wanashuka, Arlys alimsikia akimwambia Lonnie kwa sauti ya chini, "Kazi nzuri ile," na Lonnie akijibu, "Ipi, bosi? Ya cheti au ya barua?" Whitlock alifikiria kidogo. "Faili zake ni tofauti," alisema.

Mwezi wa saba mvua ilinyesha kama imetumwa. Arlys alishuka chini na tochi. Sakafu ilikuwa kavu. Duane alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia ya mkuu wa treni kichwani, stesheni mpya imesimama, treni ikizunguka mlima bila kuchelewa. Arlys alisimama nyuma yake, akaweka mkono begani mwake, wakaitazama pamoja.

Simu ikalia juu, Arlys akapanda kuipokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, yenye hasira na hofu.

"Wewe ndiye diwani? Mimi ni Bi Odegaard, Mtaa wa Cooper, huku bondeni. Miaka thelathini sijawahi kuona maji ndani ya nyumba. Leo yananifika magotini! Nimepiga idara ya barabara, wamesema—"

"Najua walichosema," Arlys alisema. Akavuta kiti, akakaa. Cooper ilikuwa mteremko mmoja tu chini ya Linden, na maji yaliyokuwa yakikwama Linden sasa yalikuwa yakiteremka huko. "Bi Odegaard, nisikilize. Mtaro wenu uko kona ipi? Na mna mtu mwenye koleo?"