Eda ya Shangazi Konsolata

Baba alikuwa mgonjwa, na kila akiamka aliuliza kama Konsolata yu hai. Konsolata ni dada yake, mjane wa miaka mingi. Baba alipokimbilia Karagwe zamani, yeye alibaki Kigali. Mwaka huo wa 1994, mauaji yalipokoma, nilikwenda kumtafuta. Agizo la baba lilikuwa nirudi naye.

Rusumo tulivuka daraja juu ya lori la mahindi. Dereva, aliyekuwa akitutania tangu Ngara, alivua kofia mpaka ng'ambo; mto ule ulikuwa umebeba maiti. Kuelekea Kibungo ndizi zilikuwa zikioza migombani, hakuna wa kuzikata.

Kigali tulifika mchana. Mtaani Gitega, nyumba ya shangazi haikuwa na paa wala mlango, nikajua nimekuja kuchukua habari ya msiba. Mwanamke aliyekuwa akishona kwa chereheni kwenye baraza ya jirani akaniita.

"Unatafuta Konsolata? Iko hapa kwangu. Ingia."

Huyo alikuwa Mama Shamimu, jirani yake Mwislamu. Shangazi alipotokea uani nililia bila haya.

Tukiwa tunakula maharage, Mama Shamimu alisimulia. "Walikuya na mapanga. Nikawaambia, chumba cha ndani iko mujane, dada yangu, iko mu eda. Mwanaume hawezi kumuona." Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na ushei, na mtaa mzima ulilijua hilo. Wakasita. Ndipo shangazi akakohoa.

Mbele yao alikuwa Kalisti, kinyozi wa mtaa. Kikohozi kile alikuwa akikisikia kila asubuhi akifungua kibanda chake. Angesema neno moja, wangekufa wote nyumba nzima.

"Akanitazama," alisema Mama Shamimu. "Akawaambia, ni kweli, huo musiba nilisikia. Tuende."

"Wakaenda wapi?"

Shangazi ndiye aliyejibu. "Kwa mwalimu, nyumba ya pili. Kalisti ndiye aliyegonga. Nilisikia watoto."



Asubuhi nilimwambia shangazi afunge mizigo, akakataa. Kalisti alikuwa amekamatwa, na majirani walikuwa wakiitwa kueleza waliyoyaona. Mama yake Kalisti alikuwa amemwomba shangazi aseme la mlangoni tu, jinsi mwanawe alivyowaokoa. Ndugu za mwalimu walitaka hilo hilo alinyamazie, aseme la nyumba ya pili tu.

"Nitasema yote mawili, mwanangu. Nikiondoka, kila mtu atabaki na lake moja."

Nilimwambia ninaogopa kwa ajili yake.

"Na mimi ninaogopa," akasema, akaendelea kuosha sahani.

Karagwe nilirudi peke yangu. Baba alifurahi kwamba yu hai, akakasirika kwamba nimemwacha, kisha akanitaka nisimulie tena tangu mwanzo. Nilikuwa nimeondoka nikidhani nitajua wa kumshukuru na wa kumchukia. Mama Shamimu ninamshukuru mpaka leo bila kujiuliza. Habari ya Kalisti ndiyo ngumu. Wanaonisikiliza, wengine huniomba niache lile la kwanza, wengine niache la pili. Siachi hata moja.