Sikio la Kushoto

Sikio la kushoto ndilo lililomkamatisha shemeji yangu, na sikio hilo nililichora mimi. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikiliacha hadi mwisho nitalipamba, na nikilipamba litafanana na ajali.

Tulikaa Ngombezi, kwenye kambi ya wakata mkonge, chumba kimoja: dada yangu, mumewe, na mimi. Shemeji alikuwa mkataji. Mimi nilikuwa ofisini, nikinakili ramani za Mzungu mpima mashamba, maana mkono wangu hautetemeki ukishika penseli. Ukiwa mtupu hutetemeka kutwa.

"Mtazameni huyu," shemeji alikuwa akiwaambia majirani. "Anakunakuna karatasi kama kuku. Iko siku atataga."

Kuchora sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa mkaa ukutani, nikafuta, nikachora tena, mpaka dada akalalamika kwamba kanga zake zote zimekuwa nyeusi mgongoni. Maneno ya kazi hiyo niliyaokota popote nilipoyapata, nikayaandika nyuma ya ramani zilizoharibika, kwa sababu kitu nisichoweza kukitaja kilinitesa kama mwiba. Mstari: njia ya jicho. Umbo: kile ambacho mstari umekizingira. Uwiano: kichwa kikubaliane na mabega. Siku moja nilimwuliza Mpimaji kwa nini milima ya Usambara nikiichora huonekana imebandikwa juu ya mkonge. Hakuinua kichwa.

"Mbali, bluu, nyepesi. Karibu, nyeusi, nzito. Wewe iko na macho. Tazama."

Nilitazama, nikaona kweli. Nikaandika: mbele, katikati, nyuma. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Neno la kwanza kabisa nilikuwa nimepewa na bibi yangu, kule Kang'ata. Bibi alikuwa mfinyanzi. Pamoja na vyungu alifinyanga sanamu ndogo za udongo wanazoonyeshwa vijana wakifundwa, ambazo huvunjwa mafunzo yakiisha. Sanamu zake za watu hazikuwa na masikio. Nilipokuwa mdogo jambo hilo liliniwasha. Nikachukua kijiti, nikaitia sanamu moja masikio mawili, yenye mikunjo na matundu. Bibi alipoiona alinipiga kofi kwa mkono uliojaa udongo, kisha akaiponda ile sanamu kiganjani.

"Mtu wa udongo akikamilika humwita mwenye sura ile," alisema. "Mwache pungufu."

Pungufu. Neno hilo sikuliandika kwenye orodha yangu. Niliona ni neno la watu wasiojua.

Shemeji alikuwa amepasuliwa sikio la kushoto na kiboko cha nyapara, siku ambayo majani yake ya mkonge yalihesabiwa yakaonekana hayatoshi. Lilipona likiwa na ncha mbili, kama jani lililoliwa na kiwavi. Miezi ilipita. Asubuhi moja nyapara yule yule alinyanyua tena kiboko, na safari hii shemeji alikuwa na panga mkononi. Alimkata begani mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Kisha akakimbia katikati ya mkonge, miiba ikimchana.

Nyapara hakufa, lakini mkono wake ulikufa. Mchana askari waliingia kambini. Walipiga yeyote aliyekuwa karibu na mlango. Wetu waliuvunja, na mmoja wao akampiga dada mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno mawili yakaanguka sakafuni. Halafu askari huyo akaona ukuta. Nilikuwa nimemchora dada pale akichagua mchele. Akamtazama dada anayevuja damu, akautazama ukuta, akacheka.

"Nani amefanya hivi?"

Nilisema, "Mimi." Sijui kwa nini. Nadhani nilifurahi kidogo kwamba amemtambua.

Kesho yake bwana mkubwa wa shamba aliniita. Nimchore mtoro, uso mzima, askari wapate kuuonyesha masokoni. Nikikosea, nitalazwa chini nichapwe.

Dada alikuwa amelihisi hilo tangu askari alipoucheka ukuta, akaniambia alfajiri, mdomo umevimba, maneno yakitoka nusu nusu: "Mchore mtu mwingine. Mchore hata akida."

"Nitamchora akida, dada."

"Apa."

Niliapa, na nilikuwa nimekusudia.

Niliketi mezani kwa Mpimaji, askari amesimama mgongoni kwangu. Nilianza na pua ya uongo, pana. Mara mashavu yakawa madogo mno kwa pua ile. Nikayapanua mashavu, macho yakaonekana yamesogeleana. Uso una mizani yake: ukiongeza uongo huku, kule kunainuka. Nilifuta. Nilichora pua nyingine ya uongo, nikafuta tena, karatasi ikaanza kuota manyoya. Mara ya tatu nikachora pua yake mwenyewe ili tu nipate mahali pa kuanzia, nikijiambia nitaiharibu baadaye. Kutoka hapo kila kitu kilikaa. Kivuli chini ya mfupa wa shavu. Mwanga kwenye paji. Ule mkunjo wa mdomo anapotaka kunitania.

Ningependa kusema niliogopa kiboko. Kiboko nilikiogopa, lakini saa ile sikukikumbuka. Niliogopa kutoa picha mbaya.

Bado ningeweza kumvika kofia. Askari hakulijua sikio lile, na nyapara alikuwa amelala na homa. Lakini upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa mweupe, mtupu, ukiniangalia. Nilichora sikio, na ncha zake mbili, na kikovu kinachong'aa katikati.

"Kazi safi," alisema Mpimaji. Akanipa kikasha cha rangi sita. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Picha ilipelekwa Handeni siku ya soko. Muuza tumbaku alikiri baada ya kupigwa kwamba mtu mwenye sikio lile alipita, akielekea Kang'ata. Walimkuta kwa bibi yangu, kwenye ghala la mahindi. Askari alitusimulia mwenyewe pale ofisini, akicheka.

"Kizee kile kina wazimu! Hakikuuliza tunamtaka nani. Kilitazama karatasi, kikasema, 'Nani amelimaliza sikio?'"

Walivunja vyungu vyake vyote, wakachoma nyumba.

Shemeji alichapwa Korogwe, mbele yetu sote tuliopangwa mistari. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Watu wawili walimshika mikono, wawili miguu. Hadi kiboko cha kumi alitukana. Baada ya hapo ilisikika sauti ya ngozi tu. Nami nitasema nilichokuwa nikikiwaza, maana sijawahi kumwambia mtu. Niliwaza kwamba nyekundu iliyo kwenye kikasha changu si hii, kwamba hii ina udongo ndani yake.

Walipompitisha kwenye mnyororo alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Shikamoo, shemeji," nilisema, ingawa hatukuwa tukisalimiana hivyo.

"Kuku ametaga," alisema.

Alipelekwa kubeba mizigo. Aliyetuletea habari alikuwa mfungwa mwenzake aliyefunguliwa: mgongo ulioza, akafa njiani, akafukiwa pale pale. Dada hakulia mbele yangu. Alikaa siku nyingi bila kusema nami, akinipikia na kuniwekea chakula chini kama mtu anavyomwekea paka. Kisha siku moja, mchana, alileta karatasi aliyoiokota ofisini, alikokuwa ameanza kufagia, akaiweka magotini pangu.

"Nichoree," alisema. "Naanza kumsahau mdomo."

Nilimchora kwa mkaa, dada amekaa pembeni yangu. Nilimkumbuka bibi. Nikasema moyoni: safari hii mwache pungufu. Nilichora mdomo, na mkunjo wake, na paji, na shingo. Dada akasogea karibu. Kisha nikaona upande wake wa kushoto mtupu, na kabla sijajua, sikio lilikuwa pale, na ncha zake mbili.

Dada aliitazama picha kwa muda mrefu. Akalamba kidole gumba, akalisugua sikio mpaka likabaki doa la kijivu kando ya kichwa. Akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaenda kutafuta kamba ya kuifungia.

Ilikuwa imefunuka kidogo. Niliona doa lile limeiinamisha picha nzima upande mmoja, na mkaa ulikuwa bado kwenye vidole vyangu. Nikaukalia mkono.