Vigingi vya Nyumba ya Hayrat

Fundi Oumouri alikuwa mwashi hodari, ila mbishi kupita kiasi. Mwaka wa sabini na saba, baada ya fujo za Mahajanga, Madagaska, ambako Wangazija wenzake wengi waliuawa, alikimbilia kisiwa cha Nosy Be na bintiye Hayrat, akiacha nyuma kaburi la mkewe Sitti na nyumba waliyoishi. Kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke: baba humjengea binti, na mume huhamia kwa mke. Kwa hiyo Oumouri, bila Sitti, hakuwa na kwake. Alipanga chumba katika mji wa Dzamandzar, huko huko kisiwani, miaka kumi.

Hayrat alipoposwa, Oumouri akapata kiwanja chini ya kilima, akapiga vigingi na kuvifungia kamba za msingi siku hiyo hiyo. Vipimo vyote vilikuwa vya Mahajanga: mlango magharibi upate upepo wa alasiri, sakafu sawa na ardhi, kwa kuwa Sitti alipenda kuketi kizingitini, miguu mchangani. Maskini, alitaka kuirudisha nyumba ya Sitti, basi.

"Baba, tungoje kwanza tuone mvua inapitaje," Hayrat alimsihi.

"Nimeanza kujenga hujaota meno, leo unifundishe?" Alianza kwa Kingazija, akamalizia kwa Kimalagasi, dalili kwamba amekasirika.

Desemba mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Oumouri alikwenda kiwanjani, suruali kaikunja. Maji mekundu yalishuka kilimani, yakaingia palipopangwa mlango, yakatokea palipopangwa chumba. Pale pa Sitti palikuwa mfereji. Mzee wa watu alisimama akalia, wala hakujali nani anamwona.

Alipopata moyo wa kurudi, baada ya siku tatu, alikuta vigingi vimehamishwa hadi sehemu ya juu, penye ardhi ngumu. Hayrat alikuwa ameketi juu ya rundo la mawe, matope hadi magotini.

"Msingi tuuinue, Baba, maji yapite pembeni. Na ngazi tatu mbele. Mama angekaa ile ya chini."

Oumouri alikwenda kwenye vigingi. Alizunguka akikagua kamba, mpaka akafika upande wa nyuma, mkavu kuliko wote, akakuta chumba ambacho hakikuwemo katika hesabu yake.

"Hiki cha nani?"

"Kuna mzee mmoja namjua. Mbishi, lakini hana kwake."

Oumouri akapiga magoti, akanung'unika kwamba pembe ile imepinda, akaanza kuifunga kamba upya. Pembe ilikuwa imenyooka tangu mwanzo.