Mahindi Yaliyojaza Kompyuta

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Eldoret wakati mama mmoja kutoka Moi's Bridge alipoweka kompyuta yake juu ya kaunta. "Inakwama kila saa," alisema.

Fundi akaiwasha, akatikisa kichwa. "Mama, diski imejaa. Karibu vyote vilivyomo ni picha za shamba moja. Nifute?"

"Ngoja kwanza! Hizo nazipiga kila asubuhi nikisimama palepale, namtumia binti yangu aliye ng'ambo."

Fundi akabonyeza kitufe cha mshale bila kukiachilia, ili azipitie haraka. Picha zikaanza kukimbia. Udongo mtupu ukachipua, mahindi yakarefuka mbele ya macho yetu, yakatoa mbelewele, yakakauka, yakavunwa, kisha yakaota tena. Wateja wote tukasogea karibu. Mama akafunika mdomo kwa mkono.

"Nimelima hayo yote," akanong'ona, "na sijawahi kuyaona yakiinuka."

Fundi hakufuta hata moja. Alizihamishia kwenye diski nyingine, na kompyuta ikaacha kukwama.

Nimekula mahindi maisha yangu yote. Juzi ndiyo mara ya kwanza nilisimama nikayatazama yakikua.