Laini Moja, Dakika Mbili

Meneja wetu wa tawi alikuwa mtu wa kudharauliwa, nami nilimdharau kwa moyo mkunjufu miaka minne mizima. Makao makuu walimleta Mombasa, wakampa nyumba Kizingo na gari, na tangu siku ya kwanza akawa anatuhutubia juu ya uvivu huku amelegea kitini kama godoro lililoanikwa. Mimi nilikaa kwenye swichibodi ya ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini: laini sita za nje, simu kumi na nane za ndani, na mimi katikati nikichomeka na kuchomoa. Sauti yangu wote waliijua. Uso wangu haukuwahusu, maana walipita mlangoni kwangu kila asubuhi bila hata kunipa salamu.

Juma moja la masika, miaka ya tisini ikiwa katikati, wachimbaji wa barabara upande wa Makupa wakaikata kebo ya simu. Laini tano zikafa. Iliyopona ni ya meneja peke yake, na bwana huyo akajiona ameteuliwa na Mungu. Akaihamishia mezani kwangu, akatia kufuli kwenye tundu la namba isipigwe ovyo, ufunguo akanikabidhi mimi, kisha akatoa amri. Kila simu dakika mbili. Simu za makao makuu, za forodha na za wateja tu. Za nyumbani hapana, za kupiga wala za kupokea, hata awe nani, na kila inayoingia iandikwe daftarini. Yeye mwenyewe alimpigia mkewe kila siku saa tano kuuliza kumepikwa nini, na hiyo sikuambiwa niiandike.

Sijapata kusalimiwa kama juma lile. Wahasibu walioniona sawa na kabati ghafla wakataka kujua nimeamkaje. Mmoja akaniletea mahamri, mwingine eti nguo yangu imenipendeza. Wanafiki watupu! Niliwanyima simu wote, tena kwa raha. Lakini ukweli usemwe: ule ufunguo niliufunga kwenye ncha ya mtandio wangu, na kila nilipotembea nilikuwa naupapasa.

Mmoja tu hakubadilika, karani wa faili, mtu wa Kwale. Yeye alikuwa akisimama mlangoni kwangu kila asubuhi ya mwaka, ananisalimu mpaka mwisho, ananiuliza mamangu, ndipo aende kazini. Juma lile aliongeza neno.

"Dada, mamangu yu hospitali, hali yake si nzuri. Ndugu yangu akipiga, nakuomba uniite."

Nikamwambia nitaona.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, meneja akiwa amesimama nyuma yangu akitazama saa yake, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake kelele za dukani.

"Asalaam alaikum."

"Waalaikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni nduguye karani wenu wa faili. Hujambo, dadangu?"

"Sijambo."

"Wazima huko? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na nyinyi?"

"Sisi twamshukuru Mungu, ila..."

Meneja alikuwa amekwisha kugonga meza kwa kidole. "Hiyo ni ya nyumbani hiyo. Kata!"

Nikakata.

Meneja hakujua kitu, na wala sikumtarajia ajue. Kwake salamu zilikuwa kupoteza wakati. Lakini mimi nimezaliwa Mji wa Kale, nimelelewa na watu ambao msiba hawammwagii mtu usoni. Kwanza wao hukusalimu, wakakuuliza wa kwenu, wakamshukuru Mungu, ndipo waseme ila. Ile "ila" niliijua tangu utotoni, na niliisikia vizuri kabla mkono wangu haujafanya kazi yake. Nikaandika daftarini: binafsi, imekatwa. Meneja akatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu na, naona haya kusema, nilifurahi.

Karani mwenyewe alikuwa ametumwa Shimanzi na hati za mizigo. Alirudi saa saba, nikamwona akipanda ngazi akitokwa na jasho. Bado alikuwa na wakati wa kuvuka feri na kufika kwao. Nikajisemea kwamba nikimwambia atataka kupiga, na nikimruhusu yeye watakuja wote wale wa mahamri. Tena kama kuna jambo, ndugu yake si atapiga tena? Nikainama, nikajifanya nasoma daftari.

Ndugu yake hakupiga tena. Alijua amezungumza na ofisi, na kwamba mtu aliyesalimiana naye vile hawezi kukosa kumwita nduguye.

Kesho yake asubuhi binamu yake akaja, ametumwa kumtazama kama naye yu mzima. Mama alifariki alfajiri ya jana. Walimngoja mwanawe mpaka alasiri, watoto wakawekwa barabarani kumtazamia, asitokee. Wakamzika. Karani alikaa kwenye benchi la wageni, akavua kofia, akaivaa tena. Meneja akapita akamwambia pole, kisha akamuuliza zile hati za Shimanzi ameziweka wapi.

Aliporudi kazini baada ya matanga, laini zote zilikuwa zimepona, na wahasibu walikuwa wamekwisha kunisahau. Yeye alisimama mlangoni kama kawaida yake, faili alizobeba akaziweka mezani kwangu. Akaniuliza hali yangu. Akaniuliza nyumbani. Akaniuliza mamangu, nikajibu hajambo.

"Dada," akasema, "siku ile hakuna aliyenipigia?"

"Laini ilikuwa mbovu," nikasema. "Sikusikia mtu."

Akaitikia kwa kichwa, akakusanya faili zake mezani kwangu moja moja.

"Ndugu yangu asema mlisalimiana vizuri sana," akasema, akaenda zake.