Mchana Ndani ya Gari la Mashindano

Juzi nilipishana na gari la zamani la Kimarekani pale Braamfontein, likinguruma hadi vioo vya maduka vikatetemeka, nikamkumbuka papa, baba yangu.

Papa alikuwa fundi magari Mayfair, mtaa mwingine wa mji huohuo. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto mdogo, alikuwa akitengeneza gari kama lile, jekundu, ambalo mteja wake alilishindanisha mbio kila Jumapili. Ghafla papa alifunga mlango wa bati wa gereji, akaniingiza garini, akaketi kwenye usukani. Joto lilikuwa kali, na viti vilinuka ngozi na petroli. Nje watu walipiga kelele, wakaligonga bati. Nilidhani ni watazamaji wanatushangilia.

"Papa, washa tuende."

"Bado, mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kuniita. "Tuko tunangoja taa ya robot barabarani iwe kijani. Usiseme kitu."

Tulingoja mpaka kelele zikahamia mtaa wa pili. Sikujua kwamba watu wale walikuwa wakiwasaka wageni kama sisi, tuliotoka nchi nyingine. Nilikasirika tu kwamba hatukuondoka.

"Tumeshindwa," nilimwambia.

Aliachia usukani, akanivuta kifuani.

"Ndiyo, mama. Leo tumeshindwa."